Allidina Visram: Duka Lilikufa, Shule Ikabaki

Katika Hospitali ya Taifa Muhimbili lipo jengo linaloitwa Sewahaji. Kila siku ndugu wa wagonjwa hulitaja jina hilo getini, lakini ni wachache wanaojua kwamba ni jina la mfanyabiashara wa Bagamoyo, Sewa Haji Paroo, aliyetoa fedha za kujenga hospitali ya Waafrika na Wahindi jijini Dar es Salaam wakati wa Wajerumani. Wachache zaidi wanamkumbuka mtu aliyefanya kazi chini yake na baadaye kumzidi kwa utajiri: Allidina Visram.

Visram alizaliwa mwaka 1851 katika kijiji cha Kera, Kutch, magharibi mwa India. Mwaka 1863, akiwa mtoto wa miaka 12 hivi, alivuka bahari na kuingia pwani yetu. Alijifunza biashara Bagamoyo, mahali ambapo misafara ilianzia na kuishia. Nguo, shanga na nyaya za shaba zilipelekwa bara. Pembe za ndovu zikarudi pwani. Sewa Haji alipofariki mwaka 1897, Visram aliendeleza biashara hiyo na kuisogeza ndani zaidi, hadi Uganda.

Wakati huo Waingereza walikuwa wanajenga reli kutoka Mombasa. Kazi ilianza mwaka 1896, na reli ikafika Ziwa Victoria mwaka 1901. Visram aliona mapema kwamba zama za msafara zinakwisha. Alifungua maduka kandokando ya njia ya reli, akawauzia vibarua na watumishi wa serikali mahitaji yao, kisha akavuka ziwa. Kufikia mwaka 1909 alikuwa na matawi zaidi ya 30. Aliingia pia katika usafiri wa ziwani na katika uchambuaji wa pamba.

Siri ya mtandao huo ilikuwa mali kauli. Vijana kutoka India walipewa bidhaa bila kulipa kwanza, wakapelekwa mahali pasipo benki wala barabara. Huko waliuza nguo na chumvi, wakanunua ngozi, ufuta na mazao mengine ya wakulima, wakayapeleka kwenye tawi kubwa kulipa deni. Duka dogo la kijijini lilikuwa mahali pa kununua na pia soko la kwanza la mkulima. Kwa njia hiyo fedha taslimu ilianza kuchukua nafasi ya kubadilishana mali kwa mali katika sehemu nyingi za bara.

Hata hivyo, ndugu msomaji, historia inayomtazama tajiri peke yake ni nusu ya historia. Pembe zile zilibebwa mabegani mwa wapagazi, wengi wao Wanyamwezi, na hakuna jengo lenye majina yao. Wafanyakazi wapatao 32,000 waliletwa kutoka India kujenga reli, na takriban 2,500 kati yao walifia kazini. Isitoshe, mali kauli ilizunguka ndani ya jamaa, dini na lugha moja. Mwafrika aliyetaka kufungua duka alikuta mlango wa mkopo umefungwa, na serikali ya kikoloni haikuwa na haja ya kuufungua. Ukoloni ulipanga watu kwa ngazi: Mzungu juu, Mhindi katikati, Mwafrika chini. Visram hakuibuni ngazi hiyo, lakini biashara yake ilikua ndani yake. Uchungu uliozalishwa na mpango huo ndio Idi Amin alioutumia mwaka 1972 kuwafukuza Waasia wa Uganda kwa muda wa siku 90, kana kwamba muuza duka ndiye aliyejenga ngazi.

Visram alifariki mwaka 1916. Mwanawe, Abdul Rasul, alirithi biashara katika kipindi kigumu cha vita na mdororo wa bei uliofuata. Naye akafariki mwaka 1923. Katika muda wa takriban muongo mmoja baada ya kifo cha baba, himaya ile iliyotegemea mno jina na uaminifu wa mtu mmoja ilikuwa imesambaratika.

Kilichobaki ni shule. Kabla ya kufariki, Abdul Rasul alitoa fedha za kujenga shule Mombasa kwa kumbukumbu ya baba yake, ikakabidhiwa serikali. Nayo ilizaliwa ndani ya ngazi ileile ya rangi: ilikuwa shule ya watoto wa Kihindi. Lakini kwa kuwa ilikuwa mali ya umma, uamuzi wa kisiasa uliweza kuifungulia milango. Baada ya uhuru wa Kenya ikawa shule ya watoto wa asili zote, na hadi leo Allidina Visram High School inafundisha.

Hapa ndipo lilipo fundisho kwa watumishi wa umma na wanaharakati wa leo. Tunapopokea zahanati au darasa kutoka kwa tajiri, tumezoea kukata utepe, kupiga picha na kushukuru. Shukrani ni uungwana, lakini haitoshi. Tuulize maswali matatu: fedha hizi zimetokana na jasho la nani? Jengo hili litamhudumia nani? Na mfadhili akiondoka, nani mwenye mamlaka juu yake? Jibu la swali la tatu ndilo lililoiwezesha shule ya Mombasa kuvuka mipaka ambayo haikujengwa ili kuivuka.

Tumkumbuke Visram bila kumtukuza na bila kumchukia. Na siku tunapopita jengo la Sewahaji, tuwakumbuke pia wapagazi.