Hodi Iliyopotea

Masika yaliyopita nilimwita mdogo wangu mwongo. Neno lenyewe sikulitamka, lakini alilielewa.

Nilikuwa nimefunga kipima mvua nyumbani kwetu Tarakea, kwenye uwazi kando ya migomba, kwa ajili ya utafiti wangu wa shahada ya uzamili. Ndani yake kuna kikombe chenye vyumba viwili, kinachopinduka kila mvua inapofika milimita 0.2. Kikipinduka, swichi inagusa na kompyuta ndogo inaongeza moja kwenye hesabu. Kila baada ya dakika tano hesabu hiyo inatumwa kwangu Dar es Salaam kwa mtandao wa simu. Pembeni niliweka kopo la kawaida la kupimia mvua. Mdogo wangu, aliyekuwa kidato cha pili, alilisoma kila siku saa tatu asubuhi na kuandika kwenye daftari.

Siku za manyunyu, mashine na daftari vilikaribiana. Mvua kubwa ikinyesha, daftari lilizidi. Siku moja yeye aliandika milimita 48, mashine ikasema 41. Nikampigia simu.

“Unasoma kweli, au unakadiria?”

“Kaka, nasoma.”

Sikumwamini. Niliiamini draiva, kwa sababu niliiandika mimi.

Draiva ni programu inayoufundisha mfumo endeshi kuzungumza na kifaa. Kuna njia mbili za kujua kama kifaa kina neno. Ya kwanza ni kwenda mlangoni kila dakika kuangalia kama kuna mgeni. Ya pili ni kuendelea na kazi zako mpaka mgeni apige hodi. Hodi hiyo ndiyo katizo: kompyuta inaacha ilichokuwa inafanya, inamsikiliza mgeni, kisha inarudi pale ilipoishia. Ubaya wake ni kwamba mgeni hachagui saa. Anaweza kubisha ukiwa katikati ya kitu ambacho hakikupaswa kukatizwa.

Hofu hiyo ni ya zamani. Mwaka 1957, jijini Amsterdam, Bram Loopstra na Carel Scholten walipendekeza kompyuta mpya, X1, iwe na makatizo. Mwenzao aliyetakiwa kuiandikia programu, Edsger Dijkstra, aliingiwa na woga. Aliona mbele yake makosa yanayotokea mara moja na kukataa kurudi ukiyatafuta, kwa kuwa yanategemea nani amebisha sekunde gani. Mwishowe alikubali, na tasnifu yake ya udaktari ya mwaka 1959 ilihusu kazi hiyohiyo.

Kosa lisilorudi lina tabia moja mbaya: humfanya shahidi aonekane mwongo. Kati ya 1985 na 1987, mashine ya mionzi iitwayo Therac-25 iliwapa wagonjwa sita wa Marekani na Kanada mionzi kupita kiasi, na baadhi yao walikufa. Watengenezaji walijaribu kulirudia kosa, wakashindwa, wakasema haliwezekani. Mwaka 1986, katika mji wa Tyler, Texas, mwanafizikia wa hospitali, Fritz Hager, alikaa na mwendeshaji wa mashine wakarudia alichofanya siku ile, mpaka kosa likatokea mbele yao. Siri ilikuwa kasi. Mwendeshaji mzoefu alirekebisha maandishi kwenye skrini haraka kuliko programu ilivyotarajia.

Kwetu lawama iliwahi kuelekea upande mwingine. Tanzania ilipata kompyuta yake ya kwanza mwaka 1965, katika Wizara ya Fedha. Matumizi yake kwenye hesabu za Serikali yalikwenda vibaya, na mwaka 1974 uingizaji wa kompyuta ukapigwa marufuku. Huko ililaumiwa mashine, mimi nikamlaumu mtoto. Pande zote mbili, kulaumu kulitangulia kuchunguza.

Kisa cha Tyler ndicho kilichonisukuma kufanya jambo nililopaswa kulifanya mwanzo. Niliweka kipima mvua kingine mezani, nikadondosha maji kwa bomba la sindano huku draiva ikituma hesabu. Nikapindua kikombe mara kumi. Hesabu iliyofuata ilikuwa sifuri.

Draiva yangu ilisoma hesabu, ikaituma, na baada ya kutuma ikairudisha kwenye sifuri. Hodi zote zilizopigwa wakati wa kutuma zilisikika, zikaandikwa, kisha zikafutwa. Mvua kubwa ilipokuja mtandao ulidhoofika, kutuma kukachukua muda mrefu zaidi, na hodi nyingi zaidi zikapotea.

Marekebisho yalikuwa mistari michache. Sasa draiva inafunga mlango kwa kitambo kidogo mno, inachukua hesabu na kuweka sifuri kwa mkupuo mmoja, inafungua mlango, ndipo inatuma. Ikishindwa kutuma, namba iliyochukuliwa inasubiri pembeni.

Nilipanda basi la Rombo kwenda kumwambia ana kwa ana. Nilimweleza kosa, nikamwomba radhi. Alinyamaza kidogo, akauliza, “Sasa zile siku za nyuma, mashine itazirudisha?”

Haiwezi. Kilichofutwa kimefutwa. Akaingia ndani akatoka na daftari, kingo zake zimevimba kwa unyevu, kila siku ikiwa na namba yake. Hata baada ya simu yangu hakuacha kusoma.

Masika yale, kwenye tasnifu yangu, yamehesabiwa kwa daftari hilo.