Uoga wa Wadi Tuliupea Mlango Wake

Wasee, kuna kitu kinaendelea hospitalini na hakuna mtu anakipigia kelele. Tangu Januari 2025, Marekani iliposimamisha pesa za misaada, serikali imekuwa ikiunganisha huduma za HIV na zile za kawaida. Ile kliniki ya pembeni tunayoiita CCC, yenye mlango wake, foleni yake na manesi wake, inaanza kumezwa na hospitali nzima. Mtu wa kuchukua ARV atapanga laini moja na mtu wa malaria na mama wa mtoto anayekohoa. Wengi wanaona hayo ni mambo ya ofisi. Mimi naona ni mtihani ambao manesi wengi wa Kenya waliahirishiwa miaka karibu ishirini, na wanaoenda kuufanya ni watu wa rika letu, wale wako vyuo vya uuguzi saa hii.

Turudi nyuma ndio muelewe.

UKIMWI ulirekodiwa Kenya mara ya kwanza mwaka 1984. Dawa hakuna, na mtaani hata jina lilikuwa la kubahatisha. Kibera, Waluo wengi walisema ni chira, ile laana ya kuvunja mwiko inayomkondesha mtu mpaka anaisha. Hospitalini jina lilikuwepo lakini halikusaidia sana. Mbagathi, mwendo mfupi tu kutoka Kibera, ilikuwa imeanzishwa miaka ya 1950 kama hospitali ya magonjwa ya kuambukiza, so watu walikuwa wanaiogopa hata kabla ya virusi. Ukisikia jirani amelazwa huko, unaanza kuhesabu siku. Mwaka 1987 Joe Muriuki, mfanyakazi wa Nairobi City Council, aliambiwa ako na virusi na amebakisha miezi michache. Yeye ndiye alikuja kuwa Mkenya wa kwanza kujitangaza hadharani. Alifariki 2022. Miezi michache ikageuka miaka 35.

Lakini stori inayonishika ni ya Asunta Wagura. Wengine mnamjua kwa ile safu aliandika kwa miaka kwenye Daily Nation, akisimulia maisha yake bila kuficha kitu. Mwishoni mwa miaka ya 1980 alikuwa msichana wa miaka ishirini na kitu, anasomea uuguzi. Akapimwa, akapatikana na virusi, akatolewa chuo. Fikiria hiyo kitu polepole. Mahali panapofundisha watu kuhudumia wagonjwa palipata mgonjwa mmoja ndani ya darasa, na jibu likawa ni kumfungia mlango. Sasa wenzake waliobaki kwa madawati walijifunza nini siku hiyo? Si lazima mwalimu aandike ubaoni. Mimi niliacha chuo kwa sababu zangu, na hata hivyo najua kwamba somo kubwa huwa ni lile unaliona likifanyika. Mwaka 1993 Asunta na wanawake wengine wachache walianzisha KENWA, mtandao wa wanawake wanaoishi na virusi, na wakaanza kufanya kazi ile ile aliyonyimwa cheti chake: kwenda nyumbani kwa wagonjwa, kuwalisha, kuwaosha.

Si haki kuwaita manesi wa wakati huo watu wabaya tu. Desemba 1989 serikali ilileta mpango wa mgonjwa kuchangia gharama hospitalini, ikausimamisha, halafu ikaurudisha. Ni enzi za kuambiwa uje na glavu zako na sindano yako. Sasa wewe ni mwanafunzi wa miaka 20, uko shifti ya usiku, mtu anatapika damu, na kabati ya glavu iko tupu. Uoga wako una sababu. Shida ni kwamba uoga ulikuwa mkubwa kuliko hatari yenyewe. Sindano yenye damu ya mtu mwenye HIV ikikudunga, uwezekano wa kuambukizwa ni karibu watu 3 kwa kila 1,000, na siku hizi kuna dawa za kuzuia, ukizianza ndani ya saa 72 na kuzimeza siku 28. Kumpima mgonjwa presha, kumgeuza kitandani, kumshika mkono: hatari ni sufuri. TB ya kitanda cha pili ndiyo ya kuogopa, lakini hiyo haikuwa na aibu ya kulala na mtu, so hakuna aliyeinongonea kwa korido.

Na mnajua nani hakusubiri glavu? Wamama wa Kibera na Kawangware. Wahudumu wa kujitolea, wengi bila cheti chochote, waliingia kwa nyumba za mabati za futi kumi kwa kumi na kuosha watu ambao ndugu zao waliogopa hata kuwashika. Walivaa juala mikononi, zile za nailoni zilizopigwa marufuku 2017. Mradi wa Lea Toto ulianza Kangemi 1998, ukafika Kawangware na Kibera, ukihudumia watoto wenye virusi wakiwa nyumbani. Moi alikuwa bado hajatangaza UKIMWI kuwa janga la kitaifa. Hiyo ilikuja Novemba 1999, miaka 15 baada ya 1984. Kumi na tano!

Kilichobadilisha manesi kweli, kwa maoni yangu, si semina. Ni dawa. Mwaka 2003 Madaktari Wasio na Mipaka walianza kutoa ARV Kibera, na 2006 serikali ikazifanya za bure hospitali zake zote. Nesi aliyemwona mtu akibebwa kwa blanketi, halafu baada ya miezi sita anamwona sokoni akiuza nyanya, huyo hahitaji kuhubiriwa. Mwaka huo huo wa 2006 Bunge lilipitisha sheria inayokataza hospitali kumnyima mtu huduma kwa sababu ya virusi.

Halafu tukajenga CCC, na zilifanya kazi poa sana, sikatai. Manesi wa pale wanakujua jina na wanakuuliza mtoto alifanyaje mtihani. Lakini mlango wa pembeni uliwapa wengine wote ruhusa ya kutojifunza. Rafiki yangu anayesomea uuguzi ananiambia wenzake bado wanavaa glavu mbili wakiona alama fulani kwa faili, hata kwa kazi ya kupima joto. Wanajibu maswali ya HIV kwa mtihani vizuri kabisa. Ni mikono ndiyo haijasoma.

Na wagonjwa wanajua. Kuna mama hapa Kawangware anayepanda 46 mpaka tao, halafu anachukua gari ya Kibera, kuchukua dawa zake mahali hakuna jirani atamwona. Na wa Kibera wako, wanakuja upande huu. Nauli mara mbili, siku nzima ya kazi imepotea, kwa ajili ya kuingia mlango ambao hautamtangaza. Sasa mlango ni mmoja kwa wote, na dirishani, anayeita majina akishika faili, ni mwanafunzi wa mwaka wa pili aliye kwa atachimenti.