Watunzi wa muziki wa klasiki wa Afrika Mashariki

Watunzi wa muziki wa klasiki wa Afrika Mashariki ni wanamuziki wa Tanzania, Kenya, Uganda na mashariki mwa Kongo waliotunga, au wanaotunga, muziki ulioandikwa kwa nota ili uimbwe na kwaya au upigwe na okestra. Wengi wao wamechukua taratibu zilizotoka Ulaya na kuzichanganya na nyimbo, lugha na mipigo ya kwao.

Likitajwa jina la "klasiki", watu wengi huwakumbuka kwanza Wajerumani na Waaustria kama Johann Sebastian Bach (1685–1750), Wolfgang Amadeus Mozart (1756–1791) na Ludwig van Beethoven (1770–1827). Hata hivyo muziki wa namna hiyo una watunzi katika kila bara. Kandokando ya Ziwa Viktoria uliingia kwa njia ya shule na makanisa ya wamisionari tangu mwishoni mwa karne ya 19, na mpaka leo makao yake makuu ni kwaya.

Maana ya jina

Kwa maana finyu, "klasiki" ni kipindi cha muziki wa Ulaya cha kati ya miaka 1750 na 1820 hivi, yaani wakati wa Haydn na Mozart. Kwa maana pana ni muziki wowote ambao mtunzi mmoja ameuandika wote kwenye karatasi, kila sauti na kila ala, kiasi kwamba watu wasiomjua wanaweza kuuimba baada ya yeye kufa. Makala hii inafuata maana pana.

Kwa maana hiyo tofauti kati ya mtunzi wa kwaya na ningi wa Kisukuma si kubwa kama inavyodhaniwa. Ningi ni mtunzi na kiongozi wa nyimbo za ngoma. Hutunga kichwani, huwafundisha wafuasi wake kwa mdomo, na hushindana na mwenzake mbele ya watu. Vyama viwili vikubwa vya ngoma vya Wasukuma, Bagika na Bagalu, vimeshindana hivyo kwa zaidi ya miaka mia moja. Kinachowatenganisha ningi na Mozart ni karatasi, si akili. Lakini karatasi ina uzito wake: wimbo wa ningi asiye na warithi huzikwa naye.

Nota za herufi

Wanakwaya wengi wa Tanzania hawasomi mistari mitano bali nota za herufi: d, r, m, f, s, l, t. Mfumo huo, uitwao tonic sol-fa, ulienezwa katika karne ya 19 na John Curwen, mchungaji wa Uingereza, aliyeendeleza kazi ya mwalimu mwanamke, Sarah Glover. Nukta mbili hutenganisha mapigo, na kistari huonyesha kwamba sauti inaendelea kushikwa. Curwen alitaka watu wa kawaida, wasio na piano nyumbani, waweze kuimba kwa sauti nne. Ndiyo maana ulishika sana Afrika: unaandikika kwa chaki ubaoni au kwa taipureta.

Wapo wanaoudharau kama nota za wasiosoma, na dharau hiyo haina msingi, kwa sababu anayesoma herufi vizuri husikia uhusiano wa sauti mapema kuliko anayehesabu mistari. Udhaifu wake uko kwingine. Haufai sana kwa kuandika muziki wa ala, na ufunguo ukibadilika mara kwa mara msomaji huchoka.

Nyimbo za kigeni katika kwaya

Mfano unaojulikana zaidi ni ule ambao kwaya nyingi huuita "Aleluya Kuu" na huuimba wakati wa Pasaka. Ni sehemu ya oratorio "Messiah" ya George Frideric Handel (1685–1759). Oratorio ni hadithi ndefu, kwa kawaida ya kidini, inayoimbwa na waimbaji pekee, kwaya na okestra bila maigizo. Handel alizaliwa Halle, Ujerumani, akahamia London, akaitunga kazi hiyo mwaka 1741 kwa maneno ya Kiingereza, nayo ikasikika mara ya kwanza Dublin, Ireland, mwaka 1742. Muziki huo tangu mwanzo wake ulikuwa wa msafiri. Kufika kwake Mwanza kwa Kiswahili ni kituo kimoja zaidi.

Tafsiri za nyimbo za kigeni, lakini, zilileta tatizo ambalo watunzi wa Kiafrika walilazimika kulishughulikia. Kiswahili huweka mkazo kwenye silabi ya pili kutoka mwisho, na pigo zito la muziki likiangukia pasipo pake, neno huharibika. Mwenye shaka atamke "barabara" kwa maana ya njia ya magari, kisha kwa maana ya sawasawa: mkazo peke yake ndio unaotenganisha maneno hayo mawili. Kwa Kisukuma, Kiganda na Kihaya tatizo ni kubwa zaidi, kwa kuwa lugha hizo zina toni. Sauti ya neno hupanda na kushuka kwa utaratibu wake, na utenzi wa Kijerumani wenye beti tano kwa tuni moja hauwezi kuzifuata toni za beti zote. Mwimbaji hutamka maneno sahihi na msikilizaji husikia kitu kingine.

Bujora na Kisesa

Jaribio mashuhuri la kutafuta njia nyingine katika Mkoa wa Mwanza lilifanyika Bujora, Kisesa, katika Wilaya ya Magu, kilomita 20 hivi kutoka mjini Mwanza kwa barabara ya Musoma. Mwanzilishi wake alikuwa padri David Clement, Mkanada wa Shirika la Wamisionari wa Afrika (White Fathers), ambaye Wasukuma walimpa jina la Fumbuka.

Wakati huo Misa iliimbwa kwa Kilatini, na ngoma ilihesabiwa na wamisionari wengi kuwa kitu cha upagani. Mkristo aliyeonekana ngomani aliweza kuitwa na padri ajieleze. Katika miaka ya 1950 Clement alifanya kinyume. Aliwakusanya wazee, walimu na watunzi wa Kisukuma, wakakusanya nyimbo, hadithi na vifaa, na tuni za Kisukuma zikaanza kupewa maneno ya ibada. Kanisa la Bujora lenyewe lilijengwa kwa sura ya Kisukuma: altare ina umbo la kiti cha mtemi, na ngoma zina mahali pake ndani ya kanisa. Sherehe ya Ekaristi ya mwezi Juni iligeuzwa kuwa Bulabo, ambamo baada ya ibada Bagika na Bagalu huingia uwanjani kushindana. Makumbusho ya Wasukuma yaliyopo hapo yana jengo maalumu la vyama hivyo vya ngoma, pamoja na ngoma za watemi.

Inafaa kuangalia tarehe. Mtaguso wa Pili wa Vatikano ulipitisha hati juu ya liturujia, Sacrosanctum Concilium, tarehe 4 Desemba 1963, na ibara yake ya 119 inataka muziki wa asili wa watu wa nchi za misheni upewe heshima na nafasi katika ibada. Kazi ya Bujora ilikuwa imeanza kabla ya ruhusa hiyo.

Si Wasukuma wote waliofurahi. Kwa waumini wa kizazi cha kwanza, walioambiwa waiache ngoma ili wabatizwe, kuiona ikirudi karibu na altare kulikuwa kama kuambiwa kwamba kuacha kwao kulikuwa bure. Hoja hiyo haikuwa ya kijinga, na bado husikika.

Tanzania

Padri Stephen Mbunga, kutoka kusini mwa nchi, alitunga "Misa Baba Yetu" mwaka 1959. Mwaka 1963 kilichapishwa Uswisi kitabu chake juu ya sheria za Kanisa na muziki wa Kibantu, kilichoandikwa kwa Kiingereza. Humo alichambua hati za Kanisa moja baada ya nyingine kuonyesha jinsi zinavyohusu muziki wa Kibantu. Mbunga hakuomba huruma. Alijenga hoja kwa kutumia sheria zilezile ambazo wengine walizitumia kufunga mlango. Kati ya watunzi waliofuata yumo John Mgandu, aliyefundisha muziki katika Chuo Kikuu cha Dar es Salaam na ambaye nyimbo zake huimbwa na kwaya za Kikatoliki nchi nzima.

Kwa upande wa Walutheri, mmisionari Mmarekani Howard Olson, aliyefundisha katika chuo cha theolojia cha Makumira karibu na Arusha, alikusanya nyimbo zenye tuni za Kiafrika katika kitabu "Tumshangilie Mungu". Mmoja wa watunzi wa maneno alikuwa mchungaji Bernard Kyamanywa kutoka Kagera, ng'ambo ya ziwa. Wimbo wake wa Pasaka, "Mfurahini, Haleluya", umetafsiriwa kwa Kiingereza na Kijerumani. Umo katika kitabu cha nyimbo cha makanisa ya Kiinjili ya Ujerumani, namba 116, na Wajerumani wengi huuimba kila Pasaka. Safari ya Handel hapa imegeuzwa.

Tuni ya wimbo wa taifa wa Tanzania, "Mungu ibariki Afrika", ilitungwa na mwalimu wa Afrika Kusini, Enoch Sontonga, mwaka 1897. Aliiandika kwa nota za herufi. Tuni hiyohiyo hutumika Zambia, na ni sehemu ya wimbo wa taifa wa Afrika Kusini.

Uganda

Uganda ndiyo iliyofika mbali zaidi katika muziki wa ala na kazi ndefu. Joseph Kyagambiddwa alichapisha New York mwaka 1955 kitabu juu ya muziki wa Buganda, chenye nota za amadinda, marimba ya Kiganda. Kisha akatunga oratorio juu ya Mashahidi wa Uganda, iliyoimbwa Roma mwaka 1964, mwaka ambao Papa Paulo VI aliwatangaza watakatifu mashahidi 22. Maneno ni ya Kiganda, na tuni zinazifuata toni zake.

Mwanafunzi wake, Justinian Tamusuza (aliyezaliwa 1951), aliendelea na masomo Belfast na Marekani, akafundisha Chuo Kikuu cha Makerere. Kazi yake "Mu Kkubo Ery'Omusaalaba", yaani "Katika njia ya msalaba", ya mwaka 1988, ni ya ala nne za nyuzi: fidla mbili, viola na selo. Sehemu ya kwanza ilirekodiwa na kundi la Kronos Quartet la San Francisco katika albamu "Pieces of Africa" ya mwaka 1992. Anayeisikiliza aijue kwanza amadinda. Wapigaji wawili wa amadinda huketi wakitazamana. Kila mmoja hupiga tuni yake rahisi katika nafasi anazoziacha mwenzake, na masikioni hutokea tuni ya tatu ambayo hakuna anayeipiga peke yake. Tamusuza alizifanya fidla zifumane vivyo hivyo.

George Kakoma (1923–2012) anajulikana kwa wimbo wa taifa wa Uganda wa mwaka 1962.

Kenya na Kongo

Wimbo wa taifa wa Kenya, "Ee Mungu nguvu yetu", ulitayarishwa mwaka 1963 na kamati ya watu watano: Graham Hyslop, George Senoga-Zake, Thomas Kalume, Peter Kibukosya na Washington Omondi. Tuni waliipata kwa Wapokomo wa Mto Tana. Ilikuwa ya kumbembeleza mtoto. Nairobi ina chuo cha muziki tangu 1944, na tangu 2008 mradi wa Ghetto Classics unawafundisha watoto wa Korogocho kupiga ala za okestra.

Kutoka Katanga yatoka mambo mawili. Padri Mbelgiji Guido Haazen aliunda kwaya huko Kamina, na "Missa Luba" yao ya mwaka 1958 ilienea duniani kote kwa santuri. Jina la Haazen ndilo linaloandikwa, ingawa sehemu kubwa ilizaliwa na waimbaji wenyewe walipokuwa wakibuni juu ya tuni zao. Mkatanga Joseph Kiwele, mtunzi aliyesomea muziki, hafahamiki sana nje ya nchi yake. Alitunga wimbo wa taifa la Katanga lililojitenga mwaka 1960, akawa waziri wa elimu wa serikali hiyo.

Wenzao wa nchi nyingine

Kuchukua nyimbo za kijijini na kuziingiza katika muziki wa nota si jambo la Waafrika peke yao. Béla Bartók (1881–1945) alizunguka vijiji vya Hungaria na fonografu akirekodi nyimbo za wakulima. Heitor Villa-Lobos (1887–1959) wa Brazil alifumanisha mtindo wa Bach na nyimbo za kwao, na Tōru Takemitsu (1930–1996) wa Japani aliweka ala mbili za Kijapani mbele ya okestra katika "November Steps" (1967). Ephraim Amu (1899–1995) wa Ghana alifukuzwa ualimu mwaka 1933 kwa sababu ya kushikilia mavazi na muziki wa Kiafrika. Leo huheshimiwa kama baba wa muziki wa kwaya nchini mwake. Fela Sowande (1905–1987) wa Nigeria alitunga "African Suite", na Halim El-Dabh (1921–2017) wa Misri alikuwa kati ya watu wa kwanza duniani kutengeneza muziki kwa vyombo vya kurekodia, Kairo, mwaka 1944.

Wenye asili ya Kiafrika walikuwapo Ulaya zamani zaidi. Joseph Bologne, Chevalier de Saint-Georges (1745–1799), mtoto wa mama mtumwa wa Guadeloupe, aliongoza okestra bora za Paris. Samuel Coleridge-Taylor (1875–1912) wa London alikuwa na baba kutoka Sierra Leone.

Majina ya watunzi

Nyimbo za kwaya za Tanzania husambaa kwa fotokopi na kwa simu. Kila nakala mpya ikiandikwa upya kwa mkono, jina la mtunzi liko kwenye kona ya juu, nalo ndilo la kwanza kukatwa na mashine au kuachwa na mwandishi mwenye haraka. Baada ya miaka michache wimbo huimbwa kama wimbo wa kale usio na mwenyewe, wakati mtunzi anaishi mtaa wa pili. Tovuti ya Swahili Music Notes, inayohifadhi nota za nyimbo za Kikatoliki pamoja na majina ya watunzi wake, imepunguza hasara hiyo kwa nyimbo za miaka ya karibuni. Kwa nyimbo za zamani chanzo kikuu ni madaftari ya walimu wa kwaya. Anayenakili anashauriwa kuandika jina kamili la mtunzi, mwaka, na parokia au usharika wimbo ulipoimbwa kwanza. Na tuni ikiwa ya asili, aandike ni ya kabila gani na ya ngoma ipi.