Mwanamke, Damu na Habari: Usawiri wa Runinga katika Filamu Tatu za Marekani

Tunapoitazama historia ya filamu zinazoikosoa runinga ya Marekani, hatuna budi kujiuliza: habari inapogeuzwa kuwa burudani, ni nani anayebebeshwa lawama? Makala haya yanashikilia kwamba lawama hiyo aghalabu humwangukia mwanamke, ilhali mamlaka na faida hubaki mikononi mwa wanaume.

Katika *Network* (1976), iliyotungwa na Paddy Chayefsky na kuongozwa na Sidney Lumet, msomaji habari mkongwe, Howard Beale, anatangaza mbele ya kamera kwamba atajiua kwa kuwa anaachishwa kazi. Diana Christensen, msimamizi wa vipindi, anaigeuza ghadhabu ya mzee huyo kuwa tamasha. Watazamaji wanapopungua, anashiriki njama ya kumwua Beale hadharani studioni. Max Schumacher, aliyemtelekeza mkewe kwa ajili ya Diana, anapomwacha anamshutumu kuwa yeye ndiye runinga iliyojivika mwili. Hata hivyo, anayemwagiza Beale ahubiri utukufu wa mashirika makubwa, na kushikilia kwamba asiondolewe hewani hata watazamaji wakihama, ni Arthur Jensen, mkuu wa kampuni inayokimiliki kituo. Jensen anasawiriwa kama nabii mwenye kutisha. Diana kama mwanamke asiye na moyo.

Historia yenyewe ilifuata njia ya Jensen. Mwaka 1986 General Electric iliinunua RCA, na pamoja nayo NBC. Mwaka 1995 Westinghouse iliinunua CBS, na mwaka 1996 ABC ikawa mali ya Disney. Habari zikawa chini ya wamiliki wenye biashara nyingine nyingi, waliotazamia faida kutoka kila idara.

Mwaka huohuo wa 1995 Gus Van Sant alitoa *To Die For*. Suzanne Stone, mtangazaji wa hali ya hewa katika kituo kidogo, anamtongoza kijana wa shule ili amwue mumewe anayeonekana kuizuia ndoto yake ya umaarufu. Mwishowe Suzanne naye anauawa, na maiti yake inafichwa chini ya barafu. Tamaa iliyokuwa ya tasnia nzima imefanywa kuwa kasoro ya mwanamke mmoja, naye akaadhibiwa kwa niaba ya wote.

*Nightcrawler* ya Dan Gilroy (2014) inapiga hatua mbele. Nina Romina, mkurugenzi wa habari wa kituo cha Los Angeles, ananunua picha za maiti na ajali kutoka kwa Lou Bloom, na anapendelea waathiriwa wawe Wazungu wenye mali. Lakini tunaonyeshwa pia kwamba kituo chake kimeachwa nyuma na mkataba wake unakaribia kwisha. Udhaifu huo Bloom anautumia kumshurutisha kimapenzi. Nina ni mtenda na mtendwa kwa wakati mmoja. Bloom, kinyume na Suzanne, haadhibiwi; biashara yake inapanuka.

Yafaa tukumbuke kwamba filamu hizi nazo huuza kile zinachokishutumu: kifo cha Beale na cha Suzanne ndicho kilele ambacho mtazamaji amekilipia. Kwa hiyo mhakiki asitosheke na kumhukumu mhusika aliye mbele ya kamera au katika chumba cha habari. Na aulize vilevile mtambo ni wa nani, na kwa nini mwenye mtambo haonekani kizimbani.