Kazi ya Polisi Katika Umri wa Makamo: Milango Iliyopo kwa Wakazi wa Posta na Kariakoo

Mwananchi mwenye umri wa miaka 40, awe mfanyabiashara wa Kariakoo au mtumishi wa ofisi za Posta, hawezi kuajiriwa kuwa askari mpya wa Jeshi la Polisi Tanzania kwa utaratibu wa kawaida. Matangazo ya ajira ya miaka ya karibuni yamewataka wahitimu wa kidato cha nne na cha sita wawe na umri wa miaka 18 hadi 25, na wenye shahada wasizidi miaka 30. Mwombaji hutakiwa pia awe hajaoa au hajaolewa, na awe tayari kufanya kazi mahali popote nchini. Utaratibu huu ni tofauti na wa Uingereza, ambako mtu wa miaka 40 anaweza kuanza kazi hiyo.

Kwa sababu hiyo, anayemwahidi mtu wa umri huo nafasi ya uaskari kwa malipo ni tapeli. Ajira za Jeshi la Polisi haziuzwi. Maombi hupokelewa baada ya tangazo rasmi, kupitia mfumo wa ajira wa Jeshi hilo. Mwananchi anayeombwa fedha anashauriwa kutoa taarifa kituo cha polisi kilicho karibu, au TAKUKURU kwa namba 113 isiyotozwa malipo, kabla hajapoteza mtaji wake au ada za watoto.

Hata hivyo, ipo milango mitatu kwa mwenye nia ya kulinda usalama wa raia na mali zao.

Mlango wa kwanza ni ulinzi shirikishi, sehemu ya Polisi Jamii iliyopewa msukumo mkubwa wakati wa Inspekta Jenerali Said Mwema, aliyeliongoza Jeshi kuanzia mwaka 2006 hadi 2013. Vikundi hivi huundwa mtaani na hufanya kazi kwa ushirikiano na Serikali ya Mtaa na Polisi Kata. Mlango wa pili ni Jeshi la Akiba, maarufu kama mgambo, ambalo mafunzo yake husimamiwa na Mshauri wa Jeshi la Akiba wa wilaya. Wa tatu ni polisi wasaidizi, wanaotambuliwa na Sheria ya Jeshi la Polisi na Polisi Wasaidizi, Sura ya 322, na ambao hulinda maeneo maalumu kama vile bandari. Sifa za nafasi hizo hutajwa katika tangazo la taasisi inayohusika.

Mshiriki wa ulinzi shirikishi hana mamlaka yote ya askari polisi. Sheria ya Mwenendo wa Makosa ya Jinai, Sura ya 20, inamruhusu raia kumkamata mtu anayetenda kosa kubwa mbele yake, lakini inamtaka amkabidhi polisi bila kuchelewa. Mtuhumiwa wa wizi aliyekamatwa sokoni hupelekwa kituoni, kwa mfano Kituo cha Polisi Msimbazi. Kumpiga au kumjeruhi ni kosa la jinai, na aliyejitolea kulinda anaweza kushtakiwa yeye mwenyewe.

Mwenye nia ya kujiunga aanzie ofisi ya Serikali ya Mtaa wake, akiwa na kitambulisho cha Taifa.