RAM, bati na dhahabu ya kwetu

Likizo niko nyumbani Nyarugusu. Jana kompyuta ya zamani ya baba mdogo pale steshenari ilijizima mara mbili, na mkataba wa duara la watu ukapotea wote. Nikachomoa RAM mbili, nikasugua pini kwa kifutio, nikarudisha moja moja. Ikatulia.

Hapo ndo nikakumbuka kisa cha miaka ya 1990. RAM za SIMM zilikuja na pini za bati au za dhahabu, watu wakachomeka ya bati kwenye soketi ya dhahabu. Mashine ikipata joto na kupoa, pini zinasuguana, bati linafanya kutu, na kumbukumbu inakosea bila dalili. Mbaya zaidi, mafundi walilaumu programu! Kwenye DIMM dhahabu ikawa ndo kawaida. Ikaja DDR, DDR2 (2003), DDR3 (2007), kila moja na mkato wake na volti zake: 2.5, 1.8, 1.5. Kwa hiyo usilazimishe.

Baba mdogo akachungulia zile pini: "Kumbe dhahabu?" Ndiyo, ila utando mwembamba kuliko unywele. Akacheka, akanisogeza pembeni aanze kutaipu upya. Wenye duara walikuwa bado mlangoni.