Moshi wa Yoichi, Upole wa Yamazaki

Wiski ya Japani husifiwa kwa ulaini wake, hata wengi wakaamini kwamba moshi haukuwahi kuwa na nafasi ndani yake. Historia inasema vingine. Shirofuda, iliyotoka mwaka 1929 na kuhesabiwa kuwa wiski ya kwanza halisi ya Kijapani kuingia sokoni, ilikataliwa na wanywaji kwa sababu ya moshi.

Moshi huo asili yake ni shayiri. Nafaka ikiloweshwa na kuachwa iote huwa kimea, na kimea sharti kikaushwe. Huko Scotland, hasa visiwani ambako kuni zilikuwa haba, walikikausha kwa moto wa mboji ya kinamasi, yaani mabaki ya mimea yaliyolala majini kwa maelfu ya miaka. Fenoli za moshi, yaani kemikali zinazobeba harufu yake, hung'ang'ania kimea, zikavumilia kuchachushwa na kukenekwa, hadi zimfikie mnywaji. Kimea kilichokaushwa kwa hewa ya moto tu huacha harufu za matunda na nafaka zisikike zenyewe.

Elimu hiyo ililetwa Japani na Masataka Taketsuru, mwana wa ukoo wa watengeneza sake wa Takehara, mkoani Hiroshima. Alikwenda Scotland mwaka 1918, akasoma Glasgow, akajifunza kazi katika viwanda vya Longmorn na Hazelburn, akamwoa Rita Cowan mwaka 1920 na kurejea naye nyumbani. Mwaka 1923 aliajiriwa na Shinjiro Torii, mfanyabiashara wa Osaka aliyetajirika kwa mvinyo mtamu wa Akadama. Taketsuru alitaka kujenga kiwanda kisiwani Hokkaido, kwenye baridi na vinamasi. Torii alitaka kuwa karibu na wateja. Wakajenga Yamazaki, kati ya Kyoto na Osaka, na ukenekaji ukaanza mwaka 1924.

Shirofuda iliyotoka hapo ilikuwa changa, tena ilifuata mafunzo ya Scotland bila kulegeza. Kwa watu waliozoea sake, ilinuka kuungua. Torii akaelekea kwenye ladha ya upole, na mwaka 1937 wiski yake ya Kakubin ikapata wapenzi inaowatunza mpaka leo. Taketsuru alikuwa ameshaondoka mwaka 1934 kwenda Yoichi, Hokkaido, akaanza kwa kuuza maji ya tofaa huku akisubiri mapipa yakomae. Wiski yake ya kwanza ilitoka mwaka 1940. Kampuni yake ndiyo Nikka ya leo. Mitungi ya shaba ya kukenekea ya Yoichi ingali ikichochewa kwa makaa ya mawe. Makaa hayo hayatii moshi ndani ya kinywaji. Ukali wa moto wake ndio unaokipa uzito na mguso wa kuungua. Moshi wenyewe ni wa kimea.

Masimulizi mengi huishia hapo: huyu wa moshi, yule wa upole. Naona hayatendi haki. Scotland, kampuni shindani hubadilishana mapipa ili kupata mchanganyiko unaofaa. Japani desturi hiyo haikushika mizizi, kwa hiyo kila nyumba ililazimika kutengeneza yenyewe kila ladha iliyoihitaji. Mwaka 1969 Taketsuru, mtu wa moshi, alifungua Miyagikyo karibu na Sendai, kiwanda kinachopasha mitungi kwa mvuke na kutoa pombe nyepesi yenye harufu ya matunda. Mwaka 1973 Suntory, kampuni ya Torii, ikafungua Hakushu kwenye misitu ya Yamanashi, kiasi cha mita 700 juu ya usawa wa bahari, na sifa ya wiski ya Hakushu ikawa moshi mwembamba juu ya harufu ya majani mabichi. Kila kampuni ilijenga kile ambacho mpinzani wake alikuwa nacho. Yamazaki nako hukenekwa pombe ya moshi, ingawa chupa zake maarufu haziutangazi.

Kimea kingi huagizwa kutoka nje, zaidi Uingereza. Kanuni za watengenezaji zilizoanza Aprili 2021 zinadai wiski ya Kijapani ichachushwe, ikenekwe na kukomazwa Japani kwa muda usiopungua miaka 3. Asili ya shayiri na mboji hazikuigusa. Ndiyo maana moshi wa chupa nyingi za Kijapani ni wa vinamasi vya Scotland. Akkeshi, kiwanda kilichoanza kukeneka mwaka 2016 mashariki mwa Hokkaido, kimejiwekea lengo la kutumia shayiri, mboji na mwaloni wa kisiwa hicho.